Masikio ya Jenerali

Niliamini kabisa kwamba Jenerali aliyetawala kwetu kwa bunduki alitusikiliza kupitia mashine za kukaushia nywele, hapo saluni ya mama, mtaa wa Berea, ugenini tulikokimbilia. Mtoto wa jirani ndiye aliyeniambia, na mimi ningeapa mbele ya maaskofu mia. Hadi leo nikinusa nywele zilizoungua, ninapunguza sauti.

Jumamosi moja akina mama walikuwa wanapanga siku ambayo ndugu zetu kule nyumbani wangefunga maduka yote, wasiwauzie wanajeshi hata chumvi. Mama aliwasha mashine zote tatu bila kichwa hata kimoja chini yake, zikanguruma kama ndege inayoruka. Karibu na mlango alikaa mwanamke mgeni. Alisema anangoja kusukwa, ila nywele zake zilionekana zimesukwa jana tu.

"Shangazi, soma majina ya watakaoanza kufunga," mama alisema.

Nikaogopa Jenerali atayasikia. Niliruka kama simba, nikachomoa waya ukutani. Mashine zote zikazimika, na sauti ya shangazi ikabaki peke yake, ikitaja jina la babu yangu.

Mgeni aliinua uso. "Eish, mtoto huyu iko na akili," akasema, akaondoka bila kusukwa.

Nilingoja kusifiwa kwa miaka kama elfu hivi, mpaka nikauliza mwenyewe.

"Papa," mama alinijibu, akiniita kama alivyozoea kunibembeleza, "zile mashine hazikusikia kitu. Tuliziwasha ili yule mwanamke asitusikie."