Mteja Mmoja wa Nansio

Mimi niliishia darasa la sita, lakini kwa utani Kirumba nzima hainiwezi. Juzi kwenye foleni ya benki ulimi uligoma. Bibi mmoja wa Nansio, kule kisiwani, alifungua fundo la kanga, akamwaga juu ya kaunta vitabu vya akiba vya kijiji kizima. Wahudumu wakamwita kijana anayeandika ripoti za matawi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ndiye wewe uliyesema tawi letu halina watu, wakalifunga?”

“Nilihesabu waliokuwa wakiingia, mama.”

“Sisi humtuma mmoja, mwanangu. Wengine wako shamba. Basi tutolee akiba zetu zote, meli siiwezi tena.”

Kijana alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena.

Mwisho wa mwezi ataandika kwamba kutoka Nansio amekuja mteja mmoja.