Mkasi na Yadi Sita za Zambarau

Nilisikia mkasi kabla sijafungua mlango. Kraa, kraa, kraa, bila kusita hata mara moja. Nikatabasamu nikiwa bado uani. Nilidhani hiyo ndiyo sauti ya uhuru.

Mama alikuwa ameenda Kocholia kumuuguza dada yake, akaniachia darasa lake la ushonaji hapa Malaba kwa wiki mbili. Kwake hakuna aliyekata kitu kabla yeye hajapitisha kidole juu ya mistari ya chaki. Mimi, niliyekulia chini ya cherehani na kusoma vitabu vingi kuliko nilivyoelewa, niliona huo ni utumwa. Siku ya kwanza nikawaambia wanafunzi, "Amueni wenyewe. Mkikwama, niulizeni." Mmoja wao, wa mwaka wa pili, alichanua, kufikia Jumatano alikuwa amebuni kola yake. Nikajisifu.

Aliyekuwa akikata asubuhi ile alikuwa na wiki tatu tu darasani. Kitambaa cha zambarau, yadi sita, shangazi yake alikivusha kutoka Uganda. Kilikuwa cha gomesi, vazi la heshima la mama yake, avae Jumamosi wakwe wakija na ng'ombe wa mahari.

Gomesi huzunguka mwili, ikajikunja mbele, ndipo mshipi ufungwe. Yeye aliikata kama gauni la kanisani, nyembamba kiunoni. Kitambaa chote cha mkunjo kilikuwa vipande sakafuni.



Yule wa mwaka wa pili alichungulia. "Dada, hii ni gomesi ama soksi?" Akaniona uso, akarudi kwenye kola yake.

"Mbona hukuniuliza?" Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Niulize nini, mwalimu? Sikujua kuna kitu cha kuuliza."

Maneno hayo yangali kifuani mwangu. Wote wawili niliwapa ruhusa ileile. Mmoja nilimfungulia njia, mwingine nilimtupa.

"Keti," nikasema. "Pengine tukiunga..."

"Utanionyesha, ama niamue tena?"

Nilichukua chaki, lakini kusema kweli sikujua pa kuanzia. Gomesi za mama sikuwahi kuzikata, nilizitazama tu.

Aliokota vipande kimoja kimoja, akavifunga kwa leso.

"Kuna fundi ng'ambo ya daraja, upande wa Uganda. Ana matusi huyo, lakini anakushika mkono mpaka mstari unyooke. Jumamosi ni kesho kutwa, mwalimu."

Akatoka, akaufunga mlango polepole, kama anayemwacha mgonjwa alale.