Maelezo ya Uji wa Madamu

Mfumo mpya wa kompyuta wa kiwanda chetu hapa Ndera ulinichosha roho. Nilikuwa nasimamia bidhaa mpya: unga wa uji ambao bosi wetu, Madamu Vestine, alifundishwa na marehemu mama yake. Mradi haukusogea hatua inayofuata mpaka nijaze kisanduku cha maelezo ya bidhaa. Nilijaza mara nne, ukakataa mara nne. Kwa hasira nikaandika: "Uji unaonuka gunia bichi. Haya, kubali basi!"

Ukakubali papo hapo! Nikaenda zangu kula, nikidhani maneno yale yatabaki humo ndani. Kumbe mfumo uliyapeleka moja kwa moja kwa mchapaji wa pakiti, pamoja na jina langu.

Wiki iliyofuata Madamu aliwaalika wenye maduka wa Kabeza waje kuonja. Mmoja wao, Mzee Hamisi, alivaa miwani, akageuza pakiti na kusoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Nani ameandika hii?" Madamu aliuliza.

"Iko na jina hapa chini," Mzee Hamisi akajibu. "Diane. Huyo Diane iko wapi?"

Nikaliweka mezani sinia la vikombe nililoshika, nikainua mkono.