Maana ya Nomino kwa Mahadhi ya Chuoni

Darasa la nne nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nililisoma roho mkononi. Mdogo wangu, aliyenifuata ziwa, alikuwa la tatu. Ningeanguka tena tungekuwa darasa moja, na yeye wala hakunisitiri: kila akipita mlangoni petu alichungulia dawati langu, akasema hapo ndipo atakapokaa. Nilitamani kumtia kofi.

Kilichonishinda ni Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo. Kusema nasema mpaka mama anachoka, lakini nikiulizwa nomino ni nini, kitenzi ni nini, tashbihi na sitiari zina tofauti gani, ulimi unakuwa mzito. Na mwalimu wetu hakutosheka na kalamu. Mwisho wa mwaka alimsimamisha kila mtoto mbele aeleze maana zote kwa mdomo. Asiyeweza hapandi darasa.

Ajabu ni kwamba chuoni, kwenye Kurani, sikuwa mjinga. Juzuu nzima nilikuwa nayo kifuani, kwa sababu kule tunasoma kwa sauti, tunayumba, na mahadhi yanakuvuta neno kwa neno. Basi alasiri moja, nikianua karafuu uani, nikajaribu maana za skuli kwa mahadhi yale yale. Zikaingia. Mama alikuwa jikoni, akafurahi kusikia mwanawe anadurusu, mpaka aliposikia "kivumishi". Akatoka na mwiko, akaniuliza hiyo ni sura gani asiyoijua yeye.

Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikafumba macho, nikayumba. Nomino, kitenzi, kielezi, takriri, zote zilitoka bila kukwama. Nilipomaliza, kwa mazoea tu, nikatia "Sadaka Llahu l-adhim," kama tunavyofunga kisomo chuoni. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alijifuta macho kwa leso, kisha akasema, "Haya, sasa mahadhi yaweke chini. Nipe tashbihi yako mwenyewe, ambayo hukuisoma popote."

Hapo niliona kiza. Hakuna wimbo wa kunivuta tena. Nikasema kile nilichokisikia mwilini wakati ule ule: "Moyo wangu unarukaruka kama samaki changu ndani ya tenga."

Akanitazama kidogo. "Kakae," akasema. "Weye ushafahamu. Umepita."

Sijui nilifikaje nyumbani. Najua nilikuwa mwepesi, nacheka peke yangu njiani, na kila Bi niliyemwamkia aliniuliza kuna harusi ya nani. Nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu kumwambia lile dawati aliondoe akilini, maana mimi napanda. Nilitaka aone haya.

Akainama, machozi yakamdondoka. Akasema keshawaambia wenziwe wote kwamba mwakani atakaa na dada yake.