Mstari Mweusi Kutoka Pito

Asubuhi za Ufipa zina ukungu unaotembea chini chini, na ukiendesha baiskeli ndani yake hujui kama unasogea wewe au ni nyasi zinazokupita. Nilitoka Mbeya kuja Sumbawanga kwa kazi ya serikali, nikaoa hapa hapa, na mke wangu ndiye aliyenifundisha kuupenda ukungu huo. Siku za Jumamosi tulikuwa tukitoka na baiskeli zetu nyumbani Mazwi, tunaiacha lami, tunafuata njia za ng'ombe mpaka jua litupashe migongo.

Mama yake anaishi Pito. Siku moja, akichambua maharage uani, alitusimulia habari za kijiji alikozaliwa, huko magharibi, karibu na ukingo ambako nchi ya juu inakatika na kushuka ziwani. Zamani watu wote walihamishwa na serikali kupelekwa kando ya barabara, naye, msichana mdogo, akaondoka ameshikwa mkono na dada yake. Hakuwahi kurudi.

"Ninachokumbuka ni matanuru," alisema. "Marefu, ya udongo, wazee wetu walikuwa wakiyeyushia chuma humo. Na kijito kidogo. Wakati mwingine sijui kama nakumbuka au niliota tu."

"Tutakwenda kukutafutia, mama," mke wangu akamwambia.

Mara ya kwanza tulitegemea simu. Manyunyu yalipoanza, matone yakawa yanabonyeza kioo yenyewe, ramani ikaruka ovyo, kisha baridi ikamaliza chaji. Tulirudi kwa kuulizauliza, tumelowa chapachapa. Ndipo tukakubaliana kutafuta kifaa cha GPS, kile kinachojua ulipo kwa msaada wa setilaiti, kuwe na mtandao au kusiwe.

Fundi simu mmoja pale Mazwi alikuwa navyo viwili, vyote vimeshatumika. Kimoja kilikuwa na kioo kikubwa cha rangi, kimejaa ramani. Nilikipenda papo hapo. Kingine kilienea kiganjani, kina vitufe pembeni, na kioo chake cha kijivu hakikuwa na ramani yoyote. Ukitembea kinachora mstari mweusi nyuma yako, basi.

"Hiki kimepitwa na wakati," nilisema.

Mke wangu alivaa glavu zake za sufu, akabonyeza vitufe kimoja kimoja. Vikaitika. Akagusa kile kioo cha rangi kwa glavu zile zile. Kimya. Kisha akakigeuza kile kidogo na kukifungua mgongoni.

"Kinatumia betri kama za saa ya ukutani. Hizi kila kiduka wanazo. Hicho chako kikizimika porini tutakichomeka wapi?"

"Lakini hakina ramani."

"Hebu tafuta kijiji cha mama kwenye hiyo ramani yako."

Nilitafuta. Magharibi ya barabara palikuwa na kijani kitupu mpaka ziwani. Nilikirudisha mezani taratibu, tukachukua kile kidogo.

Tuliondoka kiangazi, kutokea uani kwa mama, kifaa nimekifunga kwenye usukani kwa kipande cha tyubu. Tulipita mashamba ya ulezi yaliyovunwa, kisha vilima visivyo na mti, kimoja nyuma ya kingine, vimelala kama watu waliojifunika shuka. Hatukuzungumza sana. Nilisikia mnyororo wangu, mnyororo wake, na upepo. Kila nilipotupa jicho kwenye usukani niliona mstari umerefuka kidogo ndani ya kijivu kile, na nikapata hisia ya ajabu kwamba nchi yote ile inaumbwa kadiri tunavyoipita.

Mchana mke wangu alisimama ghafla, akaiangusha baiskeli. Mbele yake, kwenye nyasi zilizompita kimo, tanuru la udongo lilikuwa limesimama peke yake, refu kuliko mtu, limebomoka upande mmoja, ndani yake mmeota mti mwembamba. Tulipotafuta zaidi tukaona la pili, limebaki nusu. Aliweka kiganja kwenye udongo wenye joto la jua, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akaja kwenye usukani wangu, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi mahali. Kifaa kikauliza jina. Akaandika: KWETU.

Kurudi tulirudi ndani ya ukungu mzito, tukiukanyaga mstari wetu wenyewe. Kila tulipopotea njia, alama yetu ilijitenga na ule weusi, nasi tukageuza magurudumu mpaka vikutane tena.

Mama alikishika kifaa kwa mikono miwili, akauangalia ule mstari uliotoka nyumbani kwake.

"Kumbe njia ipo," alisema. Kisha akaongeza, "Nipelekeni."

Tulimpeleka. Mke wangu aliazima pikipiki ya jirani akampakia mama yake, mimi nikatangulia na baiskeli kufuata mstari, wao wakinifuata nyuma taratibu, wakinipa muda kwenye kila mwinuko. Tulipofika kwenye matanuru mama alishuka, akayazunguka polepole, akayagusa. Kisha akatutazama kama anayetuonea huruma.

"Hapa ni kwa wahunzi tu. Watoto tulikatazwa kufika hapa. Nyumbani ni kule, ng'ambo ya kijito."

Akatangulia. Hakuuliza njia. Tuliteremka nyuma yake, tukavuka maji yaliyofika vifundoni, tukapanda upande wa pili mpaka penye mawe ya kusagia yaliyozama nusu ardhini. Akakaa karibu na moja, akavua viatu, akaanza kutuambia nani alikaa wapi, sauti yake ikichanganya Kiswahili na Kifipa, mwishowe Kifipa kitupu. Mke wangu alikuwa akinitafsiria, kisha akaacha. Mama alikuwa ameegemea jiwe, amefumba macho, anapumua taratibu. Amelala.

Tulikaa kwenye nyasi tukamngoja aamke, hatukuwa na haraka.