Siku Gari-Nyumba la Babu Lilipozama Michenga

Siku nyumba yetu ilipozama kwenye jaruba la mpunga naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu maharage yalikuwa bado jikoni, na jiko lilikuwa ndani ya gari.

Najua hujazaliwa. Mimi mwenyewe niko kidato cha tatu, kwa hiyo usiwe na haraka ya kuja. Nasaha kama hizi zilitakiwa zitoke kwa mtu mwenye mvi. Lakini wazee wetu waliokuwepo siku ile, kila mmoja anaisimulia akiwa yeye ndiye shujaa, na mimi mbele za watu mdomo huwa unakauka. Basi nakuandikia wewe, ambaye huwezi kunicheka. Pengine siku moja utamiliki gari kubwa, maana kwenye ukoo huu ugonjwa huo upo.

Babu yangu, Fabiani, aliendesha trekta maisha yake yote. Alipostaafu akanunua gari-nyumba, refu kama basi, la Wazungu waliotaka kuzunguka nalo Afrika nzima. Walipofika Morogoro wakachoka, wakaliuza, wakapanda ndege. Ndani lina jiko la gesi, makabati, tangi la maji, na choo ambacho mke wake, Bibi Adelina, hajawahi kukitumia. Anasema mtu mzima hawezi kujisaidia karibu na sufuria.

Sasa, huku kwetu msimu wa mpunga familia zinahamia shamba, na letu liko Michenga. Unajenga kibanda, unakaa huko kufukuza ndege na nguruwe pori mpaka uvune. Mwaka huo Babu akatangaza kwamba yeye na vibanda basi. Atahama na nyumba yake. Nyumba yetu ya Lumemo akaipangisha kwa walimu mpaka mavuno, na wiki mbili kabla ya safari tukaanza kulala garini. Yaani lile gari ndilo lilikuwa kwetu, na likipotea hatukuwa na pengine pa kulala.

Tulianza vibaya. Hata Lumemo hatujaiacha, tulipita kwa jirani aliyekuwa na sherehe ya kipaimara, tukaondoka na turubai lake juu ya paa. Mwenye sherehe alitukimbiza na sahani ya pilau mkononi, hakuimwaga hata punje. Mwanangu, gari refu lipime kwa mti ulionyooka, kuanzia chini hadi juu ya paa, kisha andika urefu wake mbele ya usukani. Usikisie. Babu alikisia.

Na kabla hujaondoka, funga makabati. Babu alifunga breki kumpisha ng'ombe, kabati likafunguka, unga wote ukamwagikia kichwani kwangu. Nilifika Michenga na mvi, kwa hiyo ukitafuta mzee wa kukupa nasaha, nilishakuwa mzee kidogo.

Tulipoacha barabara kuingia shambani, alitusimamisha kijana mwenye baiskeli.

"Shikamoo mzee. Usiingie na hilo. Juu pamekauka, chini bado uji."

"Marahaba. Mimi nimelima hapa kwa trekta baba yako hajaoa."

"Sawa mzee, ila hilo si trekta. Hilo ni ghorofa."

Babu akaingia. Angeshuka na fimbo akachoma ardhi hatua chache tu, angeona inavyozama. Lakini kushuka mbele ya kijana wa baiskeli aliona ni aibu. Kawia ufike, wanasema. Sisi hatukukawia, wala hatukufika. Matairi ya nyuma yalidumbukia, mkia ukakaa chini, pua ikaangalia mbinguni. Babu akakanyaga mafuta. Usifanye hivyo, mwanangu. Tairi likishazama, kila ukikanyaga linachimba kisima.

Kule milimani kulikuwa kumefunga weusi, mvua inanyesha. Maji ya kwenye mfereji uliopakana na jaruba yalianza kubadilika, yakawa rangi ya chai ya maziwa. Maji ya bonde letu hayaji kwa kishindo, yanakuja kama mgeni asiyebisha hodi. Watu wa Michenga waliyaangalia, wakaliangalia gari, wakatikisa vichwa. Kufikia kesho, walisema, hapo patakuwa bwawa.

Ikabidi apigiwe simu Anko Kulwa, mume wa shangazi yangu. Anko ni Msukuma, mkubwa kama mlango wa ghala, na ana brekdauni ya kuvuta malori na mabasi yanayoharibika kule Kidatu. Alikuja mbio na utingo wake, Saidi. Brekdauni akaiacha juu ya tuta la barabara, hakuishusha hata tairi moja. Nilifikiri anaogopa. Kumbe ndiyo kanuni ya kwanza ya mvutaji: anayekuokoa asizame na yeye.

"Shikamoo baba," akamsalimia Babu, huku anang'ata mdomo asicheke.

"Marahaba. Cheka tu, nimekuona."

Akavua viatu, akazunguka gari lote polepole. Akapunguza upepo kwenye matairi ili yatanuke yashike tope. Akakataa kufunga kamba kwenye bampa, akasema bampa ni pambo, utaondoka nalo peke yake. Akalala kwenye tope mpaka akaipata chesisi, uti wa mgongo wa gari, akafunga mkanda hapo. Halafu akauliza, "Baba, tangi la maji lina kiasi gani?"

"Limejaa."

"Limejaa? Umeleta maji Michenga?"

Wanakijiji waliangua kicheko. Tangi likafunguliwa, likamwagwa, na Babu akaanza kusoma mawingu kana kwamba yameandikwa.

Winchi ya brekdauni ilipovuta waya wake wa chuma, gari halikutikisika. Babu, aliyekuwa kwenye usukani, alikuwa anauzungusha kila upande, maana penye wengi pana mengi. Huyu anapiga kelele kushoto, yule kulia, mama mmoja anasema rudisha nyuma. Anko akasimamisha kazi.

"Usukani nishike mimi, winchi ashike Saidi. Baba, wewe kaa mbali na waya. Ukikatika unakata mtu kama muwa."

Akaenda mpaka mlangoni. Akachungulia. Akarudi nyuma kama aliyeona nyoka.

Hapa ndipo penye kosa ambalo fundi wa Ulaya asingelifikiria. Gari lile ni chumba kimoja, mlango ni mmoja tu, uko katikati, na dereva naye anapita humo humo. Na kitanda cha Bibi, cha mninga, alichohama nacho kwa sababu kile cha Wazungu kinamzamisha, kilikuwa kule nyuma wazi kabisa, kimetandikwa, na Bibi mwenyewe amekikalia akichambua maharage mengine. Mkwe haingii anapolala mama mkwe wake. Hata kama nyumba ina matairi. Hata kama inazama.

Bibi na Anko hawatazamani wala hawasemezani moja kwa moja, kwa heshima. Kwa hiyo wakanitafuta mimi, nisiyeweza hata kuomba ruhusa darasani, niwe mdomo wao.

"Mwambie Bibi," Anko alisema akiwa ameangalia mpunga, "namwomba radhi, lakini maji yanakuja."

Bibi alikuwa amesikia kila neno. Dirisha lilikuwa wazi. Hata hivyo nikapanda, nikasema.

"Mwambie mkwe," Bibi akajibu, "maji nimeyaona, na heshima pia naiona."

Nikashuka, nikasema. Mtu mmoja akapendekeza kitenge, kitundikwe kama pazia. Nikapanda tena.

"Kitenge kinaficha macho," Bibi alisema. "Hakifichi kujua."

Chini ya ngazi maji yalikuwa yameshafika kwenye vidole vyangu. Niliogopa sana, mwanangu. Nilifikiria tutarudi Lumemo kuwaambia walimu nini, na tutalala wapi. Na watu wazima wawili walikuwa wanaangalia pande mbili tofauti.

Bibi akaweka sinia chini.

"Haya. Kitoeni kitanda nje. Kikitoka, hapa si chumbani tena. Ni gari tu."

Mimi nilifurahi. Babu ndiye aliyeruka. "Kitanda? Hapana! Hakuna haja! Adelina, kitanda hakina uzito, wakiache tu!"

"Kwani kina nini?"

"Hakina kitu!"

Vijana waliingia, wakakishika, wakanyanyua shuka iliyoning'inia. Chini ya kitanda kulikuwa na giaboksi ya trekta. Pembeni yake majembe ya plau, rimu, na vyuma vingine ambavyo sivijui majina, vimefunikwa magunia vizuri kama watoto waliolala. Ni vile vile ambavyo Bibi alimkataza asivihamishe, naye akaapa amemwachia fundi. Vyote nyuma kabisa ya gari, ng'ambo ya matairi, vinalivuta mkia kwenda chini.

Bibi akafunua gunia moja, akaangalia, akalifunika tena.

"Fabiani," Bibi akasema polepole. "Siku zote hizi nimelala juu ya trekta?"

"Ni giaboksi tu."

"Mgongo unaniuma, wewe unaniambia ni uzee. Kumbe nimepandishwa cheo, niko shambani usiku na mchana!" Kisha akageuka, sauti ikatulia, na ndiyo maneno ninayotaka uyashike: "Mume wangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe umeuficha, lakini gari limeubeba, na sisi sote tulikuwa tunakwenda kuzama nao. Kitu usichoweza kumwonyesha mke wako, usikipakie."

Babu akakunja mikono ya shati. Aliingia mwenyewe kusaidia kubeba giaboksi, na kwa jinsi walivyoinama wanaume wale, nilijua winchi haikuwa na kosa.

Kitanda kikawekwa juu ya tuta, na Bibi akapanda juu yake na mwavuli, mgongo kwa mkwe wake. Anko akavua kofia, akaingia kwenye gari. Saidi akatundika koti lililolowa juu ya waya ili ukikatika usiruke, akafukuza watu wote, akasema mkono utakaofuatwa ni wake peke yake. Winchi ikalia. Anko hakuzungusha usukani ovyo, aliunyoosha tu na kukanyaga mafuta kidogo kidogo, maana mwenye kubebwa hujikaza. Tope likanyonya, likagoma, halafu likatoa sauti ambayo siwezi kuiandika kwenye daftari. Nyumba yetu ikapanda tuta.

"Limetoka?" Bibi akauliza bila kugeuka.

"Limetoka, Bibi."

"Mwambie mkwe asante. Na asiondoke, maharage yameiva."

Asubuhi pale tulipozama palikuwa maji matupu, bata wanaogelea. Kitanda kimerudi ndani, kimekaa katikati ya matairi, na pazia lipo. Giaboksi imebaki Michenga, kijana wa baiskeli anafungia mbuzi.

Basi, mwanangu. Ukiwa na gari kubwa, ujue urefu wake na uzito wake kama unavyojua jina lako. Vizito viweke chini na katikati, si mkiani. Maji beba ya kukutosha njiani. Ardhi usiyoijua itembelee kwanza kwa miguu, na kijana akikuonya, shuka, aibu haizamishi mtu. Ukikwama, acha mafuta, punguza mzigo, funga kamba kwenye chesisi, watu wakae mbali, na mkono wa kuongoza uwe mmoja. Ukinunua gari la kulala, fikiria na wakwe zako watapita wapi.

Mungu akujalie gari refu na barabara kavu. Akupe mkwe mwenye winchi na adabu. Na kabla hujawasha injini, awepo mtu anayekupenda wa kukuuliza umepakia nini, nawe uweze kumjibu.