Kitanda cha Mama na Boriti ya Kigango

Baba yangu Zenon alikuwa na majivuno ya kitu kimoja tu: mwerezi. Amekuwa seremala huku Ufipa miaka hamsini, na sijawahi kumsikia akiisifu mikono yake. "Mchwa hawali mwerezi," alikuwa akisema, na mteja aliyeleta paini aliisikiliza hotuba hiyo mpaka akachoka. Paa la kanisa la kigango chetu alilipaua yeye kwa mwerezi, mwaka aliofunga ndoa na mama. Kila Jumapili alipoingia aliinua macho juu, nami nikidhani anasali.

Mwaka jana, miezi miwili baada ya kumzika mama, katekista Wilibrodi alikuja nyumbani.

"Shikamoo, baba Edith. Boriti ya juu ya altare imeliwa. Wazee wa kanisa wanataka tuezue paa lote, tuweke paini yenye dawa. Wanasema mwerezi umetuangusha."

Baba hakubisha. Alichukua tezo, tukaenda, akapanda ngazi na miaka yake sabini na minne huku nimeishikilia na kumgombeza. Akachonga. Upande mweupe wa boriti ulimwagika kama unga wa ulezi. Chini yake ukatokea mti mwekundu, mgumu, na harufu yake ikajaa kanisa. Niliijua. Ilikuwa harufu ya chumba cha mama.

"Walichokula ni weupe," baba alisema toka juu. "Fundi anatakiwa auondoe wote, abakize moyo wa mti. Mimi niliuacha."

"Uliuacha kwa nini, mzee wangu?" Wilibrodi aliuliza.

"Ili boriti ionekane nene. Gogo hili waumini walilibeba mabegani toka shamba la misheni. Moyo wake nikaupunguza, nikamchongea mke wangu Josefina kitanda."

Wilibrodi alitazama sakafu. Mimi niliona aibu, kisha hasira, maana nilijua kinachofuata.

Tulipofika nyumbani alianza kukifungua kitanda. Juu yake nilizaliwa, na juu yake mama alikata roho. Nilimwambia baba maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Aliendelea kugonga.

"Mama yako alikilalia miaka arobaini na mitano bila kujua," alisema. "Kila mwaka nilisema nitamwambia."

Mbao mbili za ubavuni mwa kitanda alizipeleka kanisani, akazifunga kwa bolti, moja kila upande wa boriti. Zilikuwa nzima, hazina hata tundu. Wazee walikuja, wakazigonga kwa vidole, wakaacha habari za paini. Paa lipo.

Baba sasa analala kwenye mkeka, na chumba hakinukii kitu. Jumapili anawahi kanisani saa nzima kabla ya misa, anakaa benchi la mbele chini ya boriti ile. Hainui macho tena. Anafumba, anavuta pumzi. Siku hizi nami nawahi, nakaa karibu naye.